Mapigo ya moyo yanapovurugika mzee akiwa kwenye upasuaji: mwongozo kamili kwa mgonjwa na wanaomuuguza

Hapa Kigoma haipiti wiki bila wazee kuletwa kwa ajili ya upasuaji. Huyu ana ngiri aliyoivumilia kwa miaka, yule tezi dume imemzibia mkojo, na bibi mwingine ameteleza akiteka maji na kuvunjika nyonga. Kazi yangu ni kutoa dawa za usingizi, na swali ninaloulizwa zaidi na watoto wa wazee hao ni kama baba au mama ataamka salama baada ya nusukaputi. Ni swali la haki, nami hulijibu kwa utulivu. Ninatamani hata hivyo tuulizane na jingine, tena mapema: moyo wa mzee unapigaje leo, kabla hatujamgusa?

Ninasema hivyo kwa sababu mapigo yanayovurugika juu ya meza ya upasuaji mara nyingi yana chanzo kinachoweza kutajwa. Moyo unalalamikia upungufu wa oksijeni, damu iliyomwagika, maumivu, upungufu wa madini ya potasiamu, au dawa ambayo mzee alizoea kuinywa akaiacha ghafla. Baadhi ya mambo hayo hutokea palepale mezani na ni juu yetu kuyakabili. Mengine yalianza nyumbani siku kadhaa nyuma, na mtu wa kwanza anayeweza kuyaona ni yule anayeishi na mzee.

Kinachotokea ndani ya moyo uliozeeka

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katika chumba cha juu cha kulia kuna kifundo kidogo kinachozalisha umeme wake chenyewe na kutoa amri ya kila pigo. Amri hiyo hushuka kwa njia maalumu hadi vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, yakifuatana kwa nafasi sawa.

Umri unapopanda, chembe hai za kifundo hicho hupungua na njia za umeme huanza kupata makovu. Presha iliyokaa mwilini miaka mingi huufanya ukuta wa moyo kuwa mnene na mgumu, na vyumba vya juu hutanuka. Hapo ndipo hutokea tatizo tunalokutana nalo sana kwa wazee, fibrilesheni ya atria, ambapo vyumba vya juu hutetema ovyo badala ya kukaza kwa pamoja. Mkono unaposhikwa, mapigo husikika bila mpangilio wowote, marefu kwa mafupi, yenye nguvu kwa dhaifu.

Hali hiyo ina madhara mawili ambayo familia inapaswa kuyaelewa. La kwanza ni kwamba moyo mgumu wa mzee hutegemea sana msukumo wa vyumba vya juu ili ujae vizuri, kwa hiyo msukumo huo ukikosekana presha inaweza kushuka ghafla. La pili ni kwamba damu hutuama katika kijifuko kilichopo kwenye chumba cha juu cha kushoto, huganda, na donge likichomoka linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Ndiyo maana hatari ya kiharusi kwa mwenye hali hii huwa takriban mara tano ya ile ya mtu wa rika lake asiyekuwa nayo.

Mvurugiko una sura nyingine pia. Kuna moyo unaokwenda polepole mno, kuna pigo la ziada linalochomoza na kufuatwa na kimya kifupi, na kuna mbio hatari zinazoanzia vyumba vya chini. Mapigo ya ziada ya hapa na pale ni ya kawaida kwa wazee wengi, na peke yake hayatoshi kuahirisha upasuaji.

Hatua ya kwanza: hesabu mapigo nyumbani

Anza angalau wiki mbili kabla ya tarehe uliyopangiwa, ikiwa upasuaji si wa dharura. Unahitaji saa yenye mshale wa sekunde, au simu, na dakika chache za utulivu. Mwache mzee aketi au ajilaze kwa dakika tano, bila kuzungumza na bila kuwa ametoka kunywa chai ya rangi kali au kuvuta sigara. Mgeuze mkono kiganja kiangalie juu, kisha weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye bonde lililo chini ya kidole gumba, karibu na mkunjo wa kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba chako, kwa kuwa kina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe. Bonyeza kidogo tu, kwa sababu ukikandamiza mshipa utanyamaza.

Hesabu dakika nzima. Najua wengi hufundishwa kuhesabu sekunde 30 na kuzidisha mara mbili, na kwa moyo unaokwenda sawasawa hilo linafaa, lakini kwa mzee tunayetafuta mvurugiko njia hiyo hukosea. Wakati unahesabu, gonga goti lako kwa mkono wa pili ukifuata kila pigo. Mkono wako ukigonga kama mtu anayetwanga kwa raha, mpangilio upo. Ukijikuta unasitasita, unakimbilia, unasubiri, kisha unakimbilia tena, umegundua jambo. Rudia asubuhi na jioni kwa siku tatu, na uandike namba na saa kwenye daftari.

Mapigo yakiwa chini ya 50 au zaidi ya 100 mzee akiwa ametulia, au yakiwa hayana mpangilio kila unapopima, mpeleke kituo cha afya kabla ya siku ya upasuaji na umwoneshe daktari daftari lako. Iwapo kuna pia kizunguzungu kikali, kuzimia, maumivu ya kifua au kuhema kwa shida, usisubiri kesho. Mwenye mashine ya presha nyumbani afahamu kwamba mashine hizo huweza kukosea pale mapigo yanapovurugika, kwa hiyo apime mara tatu mfululizo, na bado ashike mkono.

Hatua ya pili: dawa zote zitoke kabatini

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo nilipojifunza kwa uchungu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali nisiyohitaji kuitaja, nilimpokea mzee mmoja mvuvi kutoka Ujiji aliyekuja kutengenezwa ngiri. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia kwa sauti ya upole, nikamuuliza anatumia dawa gani. Alijibu, "Za presha tu, mwanangu." Nikaandika presha, nikaendelea. Tulimchoma sindano ya mgongo, na daktari alipokuwa ameshaanza kazi, moyo wa mzee ukaruka hadi 150 na zaidi, bila mpangilio, presha ikaporomoka. Tuliutuliza, upasuaji ukamalizika, na mzee akapona. Nilipotoka nje nilimkuta binti yake ameshika kimfuko cha nailoni chenye dawa. Ndani yake kulikuwa na atenololi, dawa ya kushusha kasi ya moyo, ambayo mzee aliiacha siku tatu kabla kwa sababu jirani alimwambia mtu anayepasuliwa hapaswi kunywa chochote, na furosemidi, dawa ya kukojoza maji, aliyoendelea kuinywa kila siku. Majibu yote yalikuwa kwenye kile kimfuko, nami sikumwita binti nikamuuliza. Tangu siku ile simwingizi mzee ndani kabla sijaona dawa zake kwa macho.

Kwa hiyo kusanya kila kitu: vidonge vilivyo kwenye pakiti na vilivyo kwenye karatasi, dawa alizonunua mwenyewe duka la dawa muhimu, matone ya macho, dawa za miti shamba, hata ugoro. Usichague unachokiona ni muhimu. Matone ya presha ya macho aina ya timololi, kwa mfano, huingia mwilini na kuweza kupunguza kasi ya moyo, na ni nadra mzee kuyataja kama dawa.

Makundi haya yana uzito wa pekee. Atenololi, propranololi, bisoprololi na kavediloli hushusha kasi ya moyo, na mzee aliyezizoea akiziacha ghafla moyo hufumka kwa mbio. Kanuni ya kawaida ni kuziendeleza hadi asubuhi ya upasuaji kwa funda dogo la maji, isipokuwa mtaalamu wa usingizi ameamua vinginevyo baada ya kupima mapigo na presha. Kwa upande wa pili, mzee ambaye hajawahi kuzitumia asianzishiwe siku ya upasuaji eti kumkinga. Utafiti mkubwa uitwao POISE, uliochapishwa mwaka 2008, ulionesha kwamba kuanzisha metoprololi, dawa ya kundi hilohilo, kwa namna hiyo kulipunguza mshtuko wa moyo lakini kukaongeza kiharusi na vifo.

Furosemidi na dawa nyingine za kukojoza maji huondoa potasiamu na magneziamu, na moyo uliopungukiwa na madini hayo huwaka haraka. Anayetumia digoksini, dawa nyingine ya moyo, pamoja nazo yuko kwenye hatari maradufu, kwa kuwa potasiamu ikishuka digoksini hugeuka sumu hata kwa kipimo cha kawaida. Mwulize daktari waziwazi kama kipimo cha potasiamu kinahitajika. Dawa za presha kama losatani, enalaprili na jamii yake huweza kuangusha presha wakati wa usingizi, hivyo mara nyingi husimamishwa saa 24 kabla, lakini uamuzi ni wa daktari.

Dawa za kuzuia damu kuganda zinahitaji mpango ulioandikwa. Wafarini kwa kawaida husimamishwa siku tano kabla ya upasuaji mkubwa, kisha damu hupimwa kabla ya kuanza, lakini kwa upasuaji mdogo kama wa mtoto wa jicho huenda isisimamishwe kabisa. Asiiache mtu kwa ushauri wa mtaani. Na kwa kuwa tunaishi na kisamvu, ambacho wengi hapa tunakiita sombe, nieleze kwamba mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Mzee hapaswi kukatazwa mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili kipimo chake cha dawa kisiyumbe.

Kuhusu pombe, iwe ya viwandani au gongo, semeni ukweli hata kama mzee ni mtu wa kuheshimika msikitini au kanisani. Pombe nyingi huchokoza fibrilesheni ya atria, na anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla wodini anaweza kupata mtetemeko, kuchanganyikiwa na moyo kwenda mbio. Tukijua mapema tunajiandaa, na siri yake inabaki kwetu.

Hatua ya tatu: maonano na mtaalamu wa usingizi

Omba maonano haya yafanyike kabla ya siku yenyewe, na uingie pamoja na mzee. Eleza kama amewahi kuzimia, kama analala kwa mito mingi kwa sababu ya pumzi, kama miguu inavimba jioni, kama aliwahi kupata kiharusi hata kidogo kilichopita, na kama ana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, au amepungua uzito huku mikono ikimtetemeka, maana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo.

Kwa mzee mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, kipimo cha ECG, yaani picha ya umeme wa moyo, ndicho kinachotofautisha pigo la ziada lisilo na madhara na tatizo lenyewe. Hufanyika kwa dakika chache na hakiumi. Wingi wa damu, sukari, figo na potasiamu hufuata. Daktari akisikia mlio usio wa kawaida kwenye vali au akiona dalili za moyo kushindwa kufanya kazi, ataomba ECHO, kipimo cha kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Wapo watakaohitaji rufaa ya hospitali ya Bugando kule Mwanza, au ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam. Safari hizo ni ndefu na zina gharama, kwa hiyo ni haki yenu kuuliza kipimo kinachotafutwa huko kitabadilisha nini katika mpango wa upasuaji.

Hapa pia nataka kuzuia kosa la upande wa pili. Ngiri iliyokaba utumbo haisubiri rufaa ya moyo, na nyonga iliyovunjika haipaswi kulazwa wiki tatu eti mapigo yatulie. Kwa mzee, nyonga inayorekebishwa ndani ya siku mbili hivi humpa nafasi nzuri zaidi kuliko kitanda. Kinachofanyika ni kupunguza kasi ya moyo, kurudisha maji na madini, kutuliza maumivu, kisha kuendelea. Maumivu ya mfupa uliovunjika nayo huukimbiza moyo, na mara nyingi tiba ya mapigo hayo ni upasuaji wenyewe.

Hatua ya nne: safari na usiku wa kuamkia

Mzee anayetoka Kakonko au Kibondo kwa gari, au kijiji cha mwambao kwa boti, hufika mjini amechoka, amekaukiwa na maji, na pengine ametapika njiani. Mlete siku moja au mbili kabla. Kumnyima mzee maji kwa hofu ya kukojoa njiani ni kosa ninaloliona kila mara, na mwili uliokauka huingia kwenye usingizi moyo ukiwa tayari unakimbia.

Kwa kawaida chakula huachwa saa sita kabla ya upasuaji, na kile chenye mafuta mengi, kama migebuka ya kukaanga au wali wa mawese, saa nane. Maji safi huruhusiwa hadi saa mbili kabla, endapo hospitali yako haijatoa agizo tofauti. Kumkalisha mzee tangu jana jioni bila hata maji hadi saa saba mchana kunamdhoofisha bure, na muuguzi wa zamu aulizwe kwa heshima ratiba imefika wapi. Dawa za sukari zina mpango wake, usimpe wala usimwachishe bila kuuliza.

Hatua ya tano: kinachofanyika ndani, mlango ukishafungwa

Kabla ya dawa ya usingizi tunasoma kwa sauti orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2008: jina la mgonjwa, upasuaji gani, upande gani, mzio gani. Kidole cha mzee huvikwa kifaa cha kupimia oksijeni, na mashine huanza kulia kwa kila pigo. Mlio ule ni sikio langu. Oksijeni ikishuka, sauti yake huzama taratibu, kila mlio mzito kuliko uliotangulia, nami hugeuka kabla hata sijasoma namba. Mapigo yakivurugika, milio hukosa mwendo, na watu wote chumbani huinua macho.

Jambo la kwanza ninalofanya ni kumwomba daktari wa upasuaji aache kuvuta na kusimamisha mikono. Kuvutwa kwa utumbo, kwa kamba ya ngiri au kwa jicho huamsha neva inayoupunguzia moyo kasi, na mara nyingi kuacha kuvuta kunatosha. Pili, ninahakikisha njia ya hewa iko wazi na kuongeza oksijeni. Tatu, ninapima presha na kuhakikisha mshipa wa shingo unapiga kweli, kwa kuwa waya uliochomoka huweza kuandika mchoro wa kutisha kwa mtu mzima wa afya. Nne, ninatafuta chanzo: damu kiasi gani imepotea, usingizi ni mwepesi mno, mwili umepoa, ganzi ya mgongo imepanda juu mno na kuzima neva zinazouharakisha moyo, au kimiminika cha kuoshea kibofu wakati wa upasuaji wa tezi dume kimeingia kwenye damu na kushusha sodiamu. Mahali ambapo bado tunatumia halotheni, gesi ya usingizi, tunakumbuka kwamba gesi hiyo huufanya moyo uchokozeke kirahisi na adrenalini.

Dawa huja baada ya maswali hayo, au sambamba nayo hali ikiwa mbaya. Moyo uliozubaa huku presha ikishuka hupewa atropini. Fibrilesheni ya atria inayokimbia kwa mtu ambaye presha yake imesimama hutulizwa kwa dawa kama amiodaroni au za jamii ya metoprololi. Presha ikiwa imeanguka kwa sababu ya mbio hizo, tunaushtua moyo kwa umeme uliopangwa kufuata pigo. Moyo ukisimama kabisa, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha angalau sentimita tano, bila kuchelewa. Familia iliyoko nje huona tu kwamba muda umerefuka. Daktari akitoka, muulizeni maswali matatu: mapigo yalikuwaje, kilichosababisha ni nini, na yamerudi sawa au bado?

Hatua ya sita: siku ya pili hadi ya nne

Wengi hushusha pumzi mzee anapofumbua macho, kisha kila mtu anarudi shambani. Lakini fibrilesheni ya atria inayofuata upasuaji hujitokeza zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, wakati maji yanarudi kwenye mishipa na mwili unapambana na uvimbe wa kidonda. Anayekaa naye wodini aendelee kuhesabu mapigo asubuhi na jioni kama mlivyofanya nyumbani. Mweleze muuguzi mara moja ukiona mzee anahema haraka, anatokwa jasho jembamba, anasema moyo unamdundadunda, au amechanganyikiwa na kuanza kuwaita watu waliokwisha kufa. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kutoeleweka ni dalili za kiharusi, na hapo dakika zinahesabika.

Ulizeni siku hiyohiyo dawa za moyo zinarudi lini. Nimeona atenololi ikisahauliwa kwenye karatasi ya wodi kwa siku tatu kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameiandika. Maumivu yatulizwe vya kutosha, kwani mzee anayejikaza kiume bila kusema huutesa moyo wake. Mwinueni aketi, akohoe, avute pumzi ndefu na kutembea mapema kadiri daktari anavyoruhusu.

Hatua ya saba: kurudi nyumbani

Mara nyingi mvurugiko uliotokea hospitalini hutulia wenyewe, na familia huuhesabu kuwa umepita. Mimi ninashauri mzee arudi kliniki ndani ya wiki nne hadi sita apimwe ECG nyingine, hata akijisikia mzima, kwa sababu hali hii hurudi kwa wengi na hatari ya kiharusi hubaki. Daktari atapima umri wake, presha, kisukari na historia ya kiharusi ili kuamua kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kwa muda mrefu.

Kabla hamjaondoka wodini, ombeni kuandikiwa kwa maneno yanayosomeka: mvurugiko uliokuwa, saa ulipotokea, dawa iliyoutuliza, na aina ya usingizi uliotumika. Karatasi hiyo ipigwe picha kwa simu ya watoto wawili tofauti, kisha ikae pamoja na kadi yake ya kliniki, maana jicho la pili au ngiri ya upande mwingine itakapofika zamu yake, huenda atakayemlaza usingizi siku hiyo hajawahi kumwona.